Msimloweshe, Hajachomwa

Ukitaka kuniona nimenyamaza, jambo ambalo walimu wangu wamelitafuta kwa fimbo na kwa maombi bila kulipata, nipeleke mahali udongo unapokanyagwa. Juzi juzi shule ilitutoa darasani tukafyatue matofali ya bweni la wasichana. Tukakunja sketi, tukaingia shimoni, tukaanza kukanyaga. Mwanzoni nilikuwa mimi yule yule mnayenijua: nikamfinyanga mwalimu wa nidhamu, tumbo lake lote, nikamweka juu ya jiwe akauke, na kidato kizima kikavunjika mbavu. Kisha ile harufu ikanifikia. Udongo mwekundu uliokanyagwa sana unanuka kama chuma kilichonyeshewa. Nikatoka shimoni, nikaenda kukaa peke yangu nyuma ya jiko. Wenzangu walidhani nimekatwa na chupa.

Sikukatwa. Nilikuwa nimemkumbuka mdogo wangu, ambaye hakuna hata mmoja wenu anayejua kwamba niliwahi kuwa naye. Na kwa kuwa nyinyi wa rika langu mnanijua kwa vichekesho tu, acha leo niwaambie kitu ambacho nimekuwa nikikifunika kwa vichekesho hivyo.

Baba yangu anafyatua matofali. Ukitoka Makambako kuelekea Njombe unaiacha lami, unateremka mpaka unapoona moshi bondeni, hapo ndipo kwetu. Wakati ule nilikuwa bado mdogo, meno ya mbele yameng'oka, na kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya lundo la nyasi na kumsemesha baba asichoke. Yeye huchimba, humwaga maji, hukanyaga mpaka udongo uache kulalamika chini ya miguu. Kisha hujaza kibao cha kufyatulia, husawazisha juu kwa kiganja kilicholowa, na kukinyanyua kibao mara moja. Tofali linabaki limekaa chini, jipya, linang'aa, nami nililisalimia kila moja: kamwene. Halikuitikia hata moja, ila sikukata tamaa.

Sheria ya baba ilikuwa moja. Tofali ambalo halijachomwa lisiguswe na maji. Wingu likisogea, nyumba nzima ilitoka mbio na nyasi na maturubai, hata kama ugali uko nusu mdomoni. Niliwahi kuona kazi ya siku nyingi ikirudi tope mbele ya macho yake, naye kasimama mvuani, mikono kiunoni, hana la kufanya. Lakini lililopita tanurini, baba alisema, hata ulitupe mtoni litaendelea kuwa tofali mpaka Yesu arudi. Na tanuri likifunguliwa mapema, kabla moto haujafika katikati, alikuwa na namna yake ya kupima: anadondosha tone la maji juu ya tofali, anasugua kwa kidole. Kidole kikitoka na tope, hilo halijaiva.

Sasa bwana, mtoto mwenye elimu hiyo ndiye aliyepelekwa shule ya Jumapili.

Mwalimu wetu tulimwita Dada Faraja. Alikuwa binti wa kwaya, mwenye sauti ya chini sana, kiasi kwamba ili umsikie ilibidi unyamaze, na nadhani ndiyo ilikuwa mbinu yake. Jumapili ya kwanza alitusimulia uumbaji ule wa Mungu kusema. Akasema nuru, nuru ikaja. Akasema miti, miti ikatokea. Mungu huyo sikumpenda. Alikuwa kama mgeni rasmi: anasimama mahali pakavu, anatamka, vitu vinafanyika, viatu havichafuki. Mwishoni Dada Faraja akatuambia kwamba Mungu alimuumba mtu afanane naye, mwanamume na mwanamke pia. Nikageuka nikatazama benchi letu zima, makamasi na vidonda vya magoti, nikaona Mungu ana kazi.

Jumapili iliyofuata akaja na simulizi jingine, na Mungu wake alikuwa mwingine kabisa. Huyu alichuchumaa. Alichukua udongo kwa mikono, akamfinyanga mtu, akainama akampulizia pumzi puani. Huyu nilimwelewa. Huyu alikuwa mtu wa bondeni kwetu. Nikanyoosha mkono nikauliza tanuri lake lilikuwa wapi.

Watoto wakacheka. Dada Faraja akasema hapakuwa na tanuri, palikuwa na pumzi tu. Nikamwambia hapana, haiwezekani, hata choo chetu hakikujengwa kwa tofali bichi, sembuse watu, na mvua ya huku anaijua. Akafikiri, kisha akaniambia nikamuulize mama.

Mama alikuwa mjamzito. Nilipofika nyumbani nilimkuta ameketi jikoni anamenya viazi, nikaweka kiganja tumboni kwake. Palikuwa pa moto. Duara, limekandikwa vizuri, na la moto. Sikuuliza tena. Tanuri nilikuwa nimelipata, na ugunduzi mkubwa namna hiyo mtu hautangazi ovyo.

Mvua za mwaka ule zilikuja na baridi ya kukata vidole. Asubuhi moja mama alikuwa akifagia uani, akasimama, akaushika mti wa mlango kama mtu anayezuia nyumba isianguke. Bibi, mama yake baba, alimtazama mara moja tu, akaweka chini kikombe chake cha chai. Akasema siku bado. Hakumwambia mtu yeyote, aliiambia hewa. Baba alimshika mama mkono mmoja, bibi wa pili, wakateremka naye hadi zahanati iliyo chini ya kanisa. Nami nikawafuata peku, hakuna aliyekumbuka kunirudisha.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita mchana. Wa kiume. Sikumsikia akilia. Bibi alitoka akamwambia baba, kwa sauti ya kuomba radhi kana kwamba kosa ni lake, kwamba mtoto katoka kabla ya siku zake. Baba akaegemea ukuta. Mimi, mtoto wa watu, nilielewa kuliko wote. Tanuri limefunguliwa, moto haujafika katikati.

Na nesi alinithibitishia. Alimlaza yule mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa khanga, juu yake blanketi, kichwani mwa mtoto akamvalisha soksi kama kofia. Akasema joto la mama ndilo dawa kwa sasa, na asipate baridi hata kidogo. Nikaitikia kwa kichwa kutoka mlangoni. Huyu nesi, nikajiambia, anaijua kazi. Anamrudisha kwenye moto.

Lakini alisema pia kwamba mtoto anahitaji kufika hospitali Njombe, kwenye mashine za kumsaidia kupumua, na gari la kumpeleka lilitakiwa litoke Makambako. Alipiga simu, akapiga tena. Gari lilikuwa njiani. Kisha gari lilikuwa limekwama kwenye mteremko wa kuingia kijijini, matope yamefika kwenye ekseli. Baba akatoka akamleta kijana wa bodaboda. Kijana akasimama nje ya zahanati, pikipiki inaunguruma, maji yanamchuruzika puani. Nesi akamwita baba pembeni, akamwambia, "Ukimtoa kwenye mvua hii, hafiki hata lami."

Baba aligeuka akaingia mvuani. Alikwenda. Baadaye ndipo nilipojua alikwenda wapi: alifunua tanuri lake la mwisho, lile aliloliweka liuzwe, akaanza kubeba matofali kwa toroli kwenda kuyapanga kwenye matope ya mteremko ili gari lipate mahali pa kukanyaga. Majirani walipoona, nao wakaja na matoroli.

Ndani kulikuwa na sauti moja tu ya kusikiliza, nayo haikusikika. Mdogo wangu alikuwa akipumua, halafu anaacha. Anaacha kabisa. Nesi anampiga piga unyayo kwa kidole, naye anashtuka, anavuta hewa kidogo kama mtu aliyesahau kitu akakikumbuka. Kisha anaacha tena. Mama alikuwa akipumua pamoja naye. Mtoto akisimama, na mama anasimama, macho yameganda darini. Nilijaribu na mimi, nikaona kizunguzungu, nikashika mlango.

Kila alipoacha, alichelewa zaidi kurudi. Nesi alimtazama bibi, na bibi akaelewa, kwa sababu alitoka akaenda kwenye ndoo, akateka maji kwa kikombe cha bati. Mwinjilisti wetu alikuwa Njombe siku hiyo. Na kwetu Walutheri, kifo kikikaribia na mchungaji hayupo, muumini yeyote anaweza kumbatiza mtoto. Bibi alikuwa mama wa kanisa tangu zamani. Alitaka mtoto aende na jina. Mama alikuwa amemwomba hivyo, ndilo neno pekee alilokuwa ameomba tangu asubuhi.

Mimi nilichoona ni maji. Nilimwona bibi anakuja na kikombe kilichojaa maji kuelekea kwa mtoto ambaye kila mtu mle ndani alikuwa amekiri kwamba hajakaa kwenye moto wa kutosha. Nikatanua mikono mlangoni.

"Bibi, msimloweshe. Hajachomwa."

Bibi akaniambia nipishe, leo si siku ya utani wangu.

Yaani hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Sikuwahi kuwa na siku niliyokuwa nimeacha utani kama ile. Nikamshika khanga, nikalia, nikayamwaga yote: mtu ni udongo, Dada Faraja kasema, na tanuri ni tumbo la mama, na tanuri limefunguliwa mapema, na mkimtia maji atarudi tope mikononi mwenu, baba mwenyewe hayupo, mngojeni baba. Bibi alikuwa akijaribu kuvitoa vidole vyangu kwenye khanga kimoja kimoja, kwa upole, kikombe kinatikisika.

Mama akasema kutoka kitandani, "Mleteni huku."

Nilisogea. Sikuwa nimemwona mama na uso ule, ulikuwa umepauka kama majivu. Akaniuliza, "Baba yako hupimaje?"

"Anadondosha maji, anasugua."

"Basi mpime wewe."

Akafunua blanketi kidogo upande wa chini, ukatokea mguu. Bibi akainamisha kikombe, nikachovya kidole. Nilidondosha tone moja juu ya unyayo ule, ambao ungeweza kukaa juu ya kidole changu gumba ukabakiza nafasi. Nikasugua, huku nimefumba jicho moja. Yeye akauvuta mguu kwa ndani, kwa hasira. Nikatazama kidole changu. Hakikuwa na tope. Kilikuwa safi.

"Kaiva," nikawatangazia.

Nesi akaziba mdomo, kicheko kikamponyoka. Bibi alicheka akilia. Hata mama, kona ya mdomo ilisogea. Kisha bibi akachovya vidole, akamwekea mdogo wangu maji kichwani mara tatu, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akamwita Zakaria, jina la marehemu babu. Ni jina la mzee mwenye bakora na koti. Lilimwenea kama lile koti lenyewe lingemwenea. Lakini maji yalimpita kichwani, na kichwa kikabaki.

Sikungoja zaidi. Nilitoka mbio, nikamwambia kijana wa bodaboda kwamba mdogo wangu kaiva, nikampita, nikapanda mteremko kwenye mvua, nikimwambia kila niliyekutana naye. Baba nilimkuta amepiga magoti matopeni, anapanga matofali kwenye njia ya magurudumu, tope mpaka kwenye kope.

"Baba, kaiva. Nimempima mwenyewe."

Alinitazama. Sijui alielewa nini. Alinishika kichwa kwa mkono ule wa tope, akaniacha, akaweka tofali jingine, na jingine. Gari lilitoka kwa kuunguruma sana, likapita juu ya matofali yetu, mengine yakivunjika, likashuka kijijini, baba ananing'inia nyuma yake na mimi nimebebwa mgongoni mwake. Sijawahi kuwa na furaha kama ile ya mteremko ule. Nimeitafuta tangu hapo.

Nesi alikuwa amesimama barazani, mikono haina kitu. Dereva alizima gari kabla hajaambiwa. Zakaria alikuwa amefariki wakati sisi tuko barabarani.

Niliwaambia haiwezekani, nimempima. Niliwaonyesha kidole.

Wanawake walikuja jioni ile, na mmoja wao, jirani mwenye heshima zake, akamwambia bibi kile ambacho kwetu hufanyika. Mtoto wa namna hii huzikwa na akina mama, pale pale nyuma ya mianzi, kimya kimya. Kengele haigongwi, wanaume wanaendelea na shughuli zao, matanga hakuna, kwa maana hajawa mtu bado. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekupunguzia mzigo.

Bibi alikuwa anakunja khanga za mama. Hakuinua kichwa. "Wangu wamelala pale nyuma ya mianzi," akasema, "na sijui niwaite nani. Huyu nimemwita kwa kinywa changu, akapumua baada ya mimi kumwita. Mkagonge kengele."

Kengele yetu ni ringi ya lori iliyotundikwa mtini. Iligongwa kama wanavyomgongea mtu mzima, na watu wakapanda kutoka mabondeni wakiuliza ni mzee gani. Walipoambiwa ni Zakaria, wengine walidhani babu alifufuka akafa tena. Hapo ningecheka siku nyingine. Kesho yake, makaburini, vijana walipotaka kupanda juu ya udongo waushindilie kwa miguu, baba, ambaye amekanyaga udongo maisha yake yote, akawazuia. Alipiga magoti akausawazisha mwenyewe kwa kiganja, kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole, mpaka ukalala.

Siku zilizofuata watu walinifariji kwa namna zao. Kwamba Mungu hupenda kuchuma maua mazuri. Nikauliza kwa nini asipande ya kwake. Nilipigwa kibao kwa swali hilo, na bado naliona ni zuri. Baba akifungua tanuri mapema hujilaumu, hukaa kwenye kigogo hata kula hali. Nilitaka kujua Mungu naye amekaa kwenye kigogo gani, na kama kuna mtu aliyemwendea kumwambia.

Jumapili nilikwenda shule ya Jumapili kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana nami nyumbani. Dada Faraja alikuwa akilirudia lile simulizi la kwanza, amefika mwisho wake, pale Mungu anapotazama vyote alivyoviumba na kuona kwamba ni vyema sana. Nikasimama bila kunyoosha mkono.

"Na Zakaria?"

Watoto wakangoja kucheka, maana nikisimama huwa ni hivyo. Dada Faraja akaacha alichokuwa akisema. Akaja akaketi kwenye benchi letu, lile fupi, magoti yakamfika kidevuni. Nikajiandaa kusikia habari za maua.

"Sijui," akasema. "Nimeuliza wiki nzima, sijajibiwa." Akanigeukia. "Mimi sikumwona. Alikuwa anafananaje?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hilo. Watu waliuliza alizaliwa lini, alikufa saa ngapi, mama anakula. Nikamwambia nilimwona pale bibi alipomvua soksi kichwani na khanga ikateremka. Nikamwambia masikio yake yalikuwa yamelala kichwani kama majani mabichi. Alikuwa na manyoya mabegani, laini, ya dhahabu, mpaka mgongoni. Na alikuwa amekunja uso kama bibi anapoletewa chai isiyo na sukari, kama mtu aliyeamshwa na anataka kujua ni nani kamwamsha na kwa sababu gani.

Kisha nikakumbuka kitu. "Dada, si ulisema tumeumbwa tufanane naye?"

"Nilisema."

"Basi Mungu ana manyoya mabegani. Na amekunja uso."

Hakuna aliyecheka, na sikutaka wacheke. Dada Faraja alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu aliyeulizwa njia ambayo hajawahi kuipita.

"Inawezekana," akasema. Akavuta pumzi, akasogea karibu. "Na vidole? Vidole vyake vilikuwaje?"

Nikaanza na kidole gumba.